Usambara na kisanduku cha masomo: wiki moja kwenye shule za msingi za Lushoto

Nimeandika haya nikiwa nimesharudi Dar, daftari la safari likiwa mezani na picha za simu pembeni, maana kule juu vidole vilikuwa havishiki kalamu baada ya saa kumi na mbili jioni. Safari yenyewe ilitokana na rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu. Yeye aliendelea na kazi, sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi milimani Lushoto. Mimi niliingia kwenye ufundi wa kompyuta, ingawa bado nafundisha TEHAMA siku mbili kwa wiki. Mwanzoni mwa mwaka alinitumia ujumbe wa sauti: "Walimu wangu wana vishikwambi, umeme upo, projekta tumepewa. Lakini ukiingia darasani unakuta chaki na ubao, basi. Njoo uniambie tatizo liko wapi."

Hivyo vishikwambi vina historia yake. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi walivitumia Agosti 2022, na sensa ilipokwisha serikali ikaamua vigawiwe walimu. Ugawaji ulizinduliwa Novemba mwaka huohuo. Ndiyo maana leo unaweza kufika shule isiyo na uzio wala ofisi ya maana, ukamkuta mwalimu anajaza taarifa za wanafunzi kwenye kishikwambi chini ya mti.

Mzigo wangu: Raspberry Pi 4 (kompyuta isiyozidi kiganja, ndiyo kisanduku chenyewe cha masomo), projekta ndogo, spika ya kuchaji, kadi za kumbukumbu, waya wa kurefusha umeme wa mita kumi, na benki ya umeme nzito kuliko vyote hivyo. Watu na shule sitazitaja majina. Tulikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Jumapili, 13 Julai 2025: Mbezi hadi Lushoto

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli 22,000. Kondakta alitaka sanduku langu liende kwenye buti, nami nilishaona mizigo ya kwenye buti inavyoshushwa, nikagoma. Akasema basi nililipie siti. Tukiwa tunavutana, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ametoka msibani akasema, "Lete hapa mwanangu, mimi sina mtoto wa kupakata." Akalipakata hadi Chalinze bila kuuliza ndani kuna nini. Alipoambiwa ni vitu vya shule, akalikumbatia zaidi.

Chalinze hadi Segera nililala. Korogwe tulipewa dakika kumi na tano za kula kwenye moja ya zile hoteli za njiani ambazo bei yake inajua huna pa kwenda: chipsi kuku 8,000. Nikanunua machungwa dirishani na kuishia hapo. Mombo ndipo safari inapobadilika. Joto la bondeni linabaki nyuma, basi linaanza kupanda kona kwa kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na abiria waliokuwa wakipiga soga wananyamaza kidogo. Yule mama alishuka Soni. Kabla hajashuka aliniangalia miguuni na kusema, "Hizo sandozi utazijutia." Alikuwa sahihi.

Lushoto mjini tuliingia saa nane na robo mchana. Chumba cha nyumba ya wageni 25,000 pamoja na chai, maji ya moto kwa ndoo, mablanketi mawili.

Kwa atakayekwenda: Julai ni kipupwe, na Lushoto haitanii. Beba sweta, soksi na viatu vya kufunika. Pesa taslimu chukua mjini, huko mbele wakala wapo lakini asubuhi mara nyingi hawana salio la kutoa. Na kama unabeba vifaa vya umeme, vifunge kwenye nailoni ndani ya begi. Ukungu wa asubuhi unaingia kila mahali.

Jumatatu, 14 Julai: muhuri, kisha chumba chenye kufuli

Huwezi kuingia shule ya serikali na kamera na kompyuta kwa sababu tu unafahamiana na mwalimu mkuu. Unaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, unapata kibali, unapeleka nakala kwa Afisa Elimu Kata. Barua yangu nilishaituma mapema, lakini muhuri haukutoka mpaka saa nne. Waliokuwa kwenye benchi walinifundisha jinsi ya kusubiri: kaa karibu na mlango, usimsumbue katibu muhtasi, mkaribishe karanga.

Rafiki yangu alikuwa amenipangia kwanza nione shule moja jirani na mji, yenye chumba cha TEHAMA kilichotokana na wafadhili. Nilikwenda na mazoea yangu mabaya ya ufundi: nikawasha saa ya kupimia kwenye simu. Nilitaka kujua jambo moja tu. Kengele ya kipindi ikilia, zinapita dakika ngapi hadi mwanafunzi wa kwanza aanze kujifunza kitu?

Darasa la Tano, wanafunzi 76. Kengele ililia. Wakatoka, wakapanga mstari. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu wa taaluma, aliyekuwa kwenye darasa jingine. Ufunguo ukaja. Watoto wakavua viatu mlangoni, viatu vyote vikapangwa kwa jozi (na mimi nilijikuta nimevua). Vitambaa vilivyofunika kompyuta vikakunjwa. Mashine zikawashwa, baadhi zikawaka, baadhi zikaanza kujisasisha zenyewe na kuomba mtu asubiri. Nusu ya darasa wakakaa watatuwatatu, nusu wakabaki barazani wakichungulia dirishani. Saa yangu ilisoma dakika 17. Kipindi ni dakika 40, na mwishoni lazima uzime, ufunike, utoe watoto, wavae viatu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa hodari, hilo niliweke wazi. Alizunguka, akashika mikono ya watoto juu ya kipanya, akacheka nao. Lakini walichojifunza siku ile ni kompyuta: kubofya, kuandika jina, kufuta. Hisabati ilibaki kule darasani kwenye ubao. Kujifunza kompyuta ni somo halali, silidharau, ndilo linalonilisha. Ila watu wengi wakisema "TEHAMA shuleni" wanafikiria chumba kama hiki, na chumba kama hiki hakimsaidii mtoto wa Darasa la Pili ambaye bado anababaika na silabi.

Chakula cha jioni: ugali, maharage na ngogwe, 3,000, kwa mama ntilie nyuma ya soko. Nilikwenda tena Ijumaa usiku nikakuta kafunga.

Jumanne, 15 Julai: Malindi, na lori la kabichi

Magari ya kwenda upande wa Lukozi na Malindi yanajaza kwanza ndipo yanaondoka. Kama ratiba yako ina saa, iache Lushoto. Nililipa 4,000 na nafasi ya mbele niliipata kwa huruma ya dereva aliyedhani nimebeba dawa za zahanati. Barabara inapita msitu wa Magamba, miti mirefu na baridi ya jokofu, kisha inafunguka kwenye mashamba yaliyopangwa ngazi hadi kileleni: kabichi, karoti, viazi, hoho. Mboga nyingi zinazoliwa Dar zinatoka hukohuko.

Na zinatoka kwa malori. Moja lilikuwa limekwama kwenye kona iliyolowa, tairi la nyuma limezama, kabichi zikiwa zimepangwa juu mpaka zinayumba. Hapakuwa na pa kupita. Tulikaa saa mbili na ushei. Wanaume wakashuka kukata matawi ya kuweka chini ya tairi, mimi nikiwa miongoni mwao na sandozi zangu. Watoto wa shule waliokuwa wakirudi nyumbani walisimama kutazama, na mmoja, msichana wa kama miaka kumi, aliniuliza kwenye sanduku kuna nini. Nikamwambia kuna vitabu vingi. Akalipima kwa macho. "Ni padogo," akasema.

Lori lilipotoka, dereva wake aligawa kabichi kwa kila aliyesukuma. Nilifika kwa mwenyeji wangu saa kumi na moja jioni na kabichi tatu. Mke wa rafiki yangu alizipokea kwa adabu za mtu ambaye ana shamba la kabichi nyuma ya nyumba.

Kutoka njia panda hadi shuleni ni bodaboda, 5,000 kukiwa kukavu. Waliniambia mvua ikinyesha bei inapanda na wengine hawaendi kabisa.

Jumatano, 16 Julai: Darasa la Pili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipopata jibu la swali la rafiki yangu, na nililipata kabla sijafungua sanduku.

Mwalimu wa Darasa la Pili ni mwanamke wa makamo, wanafunzi wake 94 kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa wanne kwenye dawati la watatu. Vipindi vya madarasa haya ya chini ni dakika 30. Aliingia, wakamwamkia wote kwa pamoja hadi mabati yakaitika, akatoa kishikwambi kwenye mkoba wake, ambamo pia mlikuwa na chaki, kitana na ndizi. Akamwita mtoto mmoja mbele. Mtoto akasoma sentensi tatu ubaoni, kwa kusitasita, huku kishikwambi kikirekodi. Kisha mwalimu akabonyeza, na darasa zima likasikia sauti ileile ikisoma.

Mtoto alishika mdomo. Alisikia mwenyewe pale alipokatisha neno. Hakuna aliyemwambia "umekosea." Mwalimu aliuliza tu, "Turudie?" Akarudia, na mara ya pili alilitiririsha. Mikono hamsini ikawa juu, kila mmoja akitaka sauti yake.

Nilitazama saa yangu. Tangu aingie mpaka mtoto wa kwanza anasoma: haikufika dakika moja. Hakuna intaneti, hakuna projekta, hakuna programu ya kununua, ni kinasa sauti ambacho kimo kwenye kila kishikwambi na kila simu. Mapumziko nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aliwahi kumrekodi mjukuu wake akiimba, akaona anavyojisikiliza na kujirekebisha. Ana rekodi za Januari za watoto wote, na anapanga kuwasikilizisha wazazi kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, Januari kwanza kisha Novemba. "Mzazi hasomi ripoti, mwalimu," aliniambia. "Lakini sauti ya mwanawe ataijua."

Wakati tunakula makande ya walimu, mwalimu mmoja kijana alitaka kujua kama ni kweli mkoa wetu huu wa Tanga ulishawahi kufanyiwa jaribio la watoto kujifunza wenyewe bila mwalimu. Ni kweli. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE. Kuanzia mwishoni mwa 2017 kwa miezi 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi aina ya Pixel C vilivyotolewa na Google, vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kila kijiji kikawekewa kituo cha kuchajia kwa jua. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za timu zote tano za fainali ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Yule kijana akauliza swali zuri: "Sasa kwa nini sisi hatuna?" Mwalimu wa Darasa la Pili alimjibu kabla yangu. Kule kila mtoto alikuwa na chake, na hapakuwa na kengele. Hapa kuna kishikwambi kimoja kwa watoto 94, na kengele inalia kila nusu saa. Sijasikia maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo. Matokeo ya Tanga yanaonyesha kishikwambi kinaweza kumfundisha mtoto anayekishika. Hayasemi chochote kuhusu mtoto wa dawati la nyuma anayekiona kwa mbali mikononi mwa mwalimu.

Jioni baridi iliteremka kwa ghafla. Tulikaa jikoni kuzunguka mafiga, kabichi ikichemka.

Alhamisi, 17 Julai: kisanduku, kukatika kwa umeme, na maswali

Asubuhi nilifunga kile nilichokuja nacho. Raspberry Pi nimeipakia Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unachagua masomo ukiwa mjini, unayapakua, na ukifika kijijini kile kisanduku kinarusha Wi-Fi yake chenyewe. Mwalimu anaunganisha kishikwambi, anafungua kivinjari, anaandika anwani fupi, masomo yote yapo. Hakuna bando linaloliwa. Kolibri yenyewe inaweza kutumika kwa Kiswahili. Humo niliweka hadithi za Kiswahili za African Storybook, video fupi za sayansi, na pembeni vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba mtandao yake.

Saa nne na dakika chache umeme ukakatika. Walimu wakanitazama. Nikachomeka benki ya umeme na kazi ikaendelea, jambo lililonipa heshima ambayo sikuistahili. Kisanduku hiki kinakula umeme kidogo sana. Projekta ndiyo mlafi, na umeme ulirudi saa tisa.

Mchana walimu walikusanyika kwenye kipindi chao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayofanyika hapohapo shuleni. Nilikuwa nimeandaa mada ya kutumia Kolibri. Niliifunga baada ya dakika kumi, maana maswali yao yalikuwa mengine kabisa.

La kwanza: kikiharibika mikononi mwangu, nani analipa? Kishikwambi ni mali ya serikali, umesaini. Mwalimu mmoja wa kiume alisema chake amekifunga kabatini tangu alipopewa, anakitoa kujaza taarifa tu, kwa sababu watoto 80 wakikigombea na kikianguka, ataeleza nini? Watu waliitikia kwa vichwa. Nadhani hapa ndipo nusu ya vishikwambi vya nchi hii vilipolala, kwenye hofu ya saini.

La pili: LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 inabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayofika shuleni, na kwenye hiyo kuna chaki, mitihani, ukarabati na mengineyo. Mwalimu mkuu alikiri kwamba projekta ikiwashwa kila siku, tokeni za mwezi zinaisha mapema.

La tatu liliulizwa kwa sauti ya chini na mwalimu anayekaribia kustaafu: "Watoto watajua mimi sijui?" Mwenzake wa Darasa la Pili akamgeukia. "Shikamoo mwalimu. Hata mimi sijui. Nabonyeza kitufe chekundu tu." Kicheko kilichofuata kilifanya kazi kuliko mada yangu.

Kwa atakayekwenda kufanya kazi kama hii: usianze na kifaa. Omba kukaa nyuma ya darasa siku nzima kwanza. Pia andika maelekezo kwenye karatasi kwa kalamu, yabandike ofisini. Nililiacha karatasi moja, na walimu wanalipiga picha badala ya kunipigia simu. Na kama shule ina soketi moja ofisini, waya wako wa kurefusha utakuwa kitu cha thamani kuliko kompyuta yako.

Ijumaa, 18 Julai: mapigo ya moyo

Kipindi nilichotaka sana kukiona kilikuwa cha Sayansi na Teknolojia, Darasa la Tano, mwalimu yule kijana, mada ni moyo. Alikuwa amefika saa moja kasoro kupanga projekta. Madirisha hayana mapazia, kwa hiyo wasichana walileta kanga kutoka nyumbani, wakazitundika kwa misumari. Picha ukutani ilikuwa hafifu lakini ilionekana. Kengele, salamu, video ya moyo ukidunda: dakika nne.

Video ilikuwa ya dakika mbili. Baada ya hapo alizima projekta, jambo ambalo sikulitarajia, akawaambia kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa jirani. Kimya, wakahesabu kwa nusu dakika. Kisha wakatoka nje, wakaruka mpaka wakachoka, wakahesabu tena. Darasa likarudi likipiga kelele za namba: 41, 62, 70! Wakazidisha kwa mbili ubaoni, wakachora jedwali. Mvulana mmoja alipata mapigo machache kuliko wote na akadai ni kwa sababu anapanda mlima kilomita nne kila siku kuja shule. Mwalimu hakumpinga. Akasema, "Tutapima Jumatatu wewe na wale wanaokaa jirani."

Ile projekta ilitumika dakika mbili katika kipindi cha dakika 40, na sidhani kama kuna aliyeona ni chache. Ukutani watoto waliona kitu kisichoonekana kwa macho, yaani vali zikifunguka na kufunga. Mengine yote walikuwa nayo wenyewe mikononi.

Mchana nilipata lifti ya pikipiki ya mwalimu hadi Malindi, kisha gari la mwisho la Lushoto. Njiani mbega wawili walivuka barabara kule Magamba, weusi na mikia myeupe, bila haraka yoyote.

Jumamosi, 19 Julai: kushuka

Basi la saa mbili asubuhi, nauli ileile. Mombo nilivua sweta. Kuna mchepuko wa matengenezo ya barabara uliotuchelewesha saa nzima, halafu foleni ya Kibaha ikachukua yake. Mbezi saa kumi na mbili jioni.

Hesabu kwa anayetaka kupanga: nauli kwenda na kurudi Dar 44,000, usafiri wa ndani, magari na bodaboda, 18,000, malazi mjini usiku tatu 75,000 (milimani nililala kwa mwenyeji bure, nikapeleka sukari na mafuta), chakula kama 40,000. Vifaa ni hesabu nyingine, ila nitasema kilichotumika sana kati ya vyote nilivyobeba ni ile spika.

Rafiki yangu na mimi tulibishana usiku wa Alhamisi, na bado tunabishana kwa simu. Yeye ana fedha kidogo zilizochangwa na kamati ya shule kwa ajili ya kutengeneza nondo za madirisha na mlango wa chuma, ili stoo igeuke chumba cha TEHAMA. Ana sababu: wakaguzi wakija wanauliza chumba kiko wapi, na wafadhili hawatoi kompyuta kwa shule isiyo na chumba. Mimi namwambia kila darasa lipate spika na kishikwambi cha mwalimu kitumike humohumo, na shule iwaandikie walimu makubaliano kwamba ajali ya darasani haitakuwa deni la mtu mmoja. Chumba kije baadaye. Mwalimu wa Darasa la Pili yuko upande wangu. Yule anayekaribia kustaafu, kwa kunishangaza, yuko upande wa chumba: anataka mahali pa kujifunzia akiwa peke yake jioni, bila macho ya watoto. Sikuwa nimelifikiria hilo, na sijapata hoja ya kumjibu.

Kikao cha kamati ni mwezi ujao. Jana mwalimu mkuu amenitumia picha ya spika kutoka duka moja la Lushoto mjini, 45,000, anauliza kama inafaa au anapigwa. Nimemwambia asinunue bado: atafute yenye tundu la kadi ya kumbukumbu na kitufe kikubwa cha sauti, isiyotegemea Bluetooth peke yake, maana madarasa matatu yakiwasha kwa pamoja kishikwambi kitajiunga na spika ya darasa la jirani. Jumamosi hii napita Kariakoo kuangalia bei.